Minye na Minye

Kama gazeti la wiki jana lilikufikia likiwa limeshafungia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nakuhurumia wewe, na mimi pia najihurumia, maana itabidi niyarudie yale ambayo sikutaka kuyasema hata mara moja.

Naitwa Jean-Berchmans. Ni mpiga picha, mtaa wa Kimanga, mjini Uvira. Unakumbuka ziwa lilivyopanda likameza studio yangu ya kwanza pamoja na mapazia yake yote, na namna nilivyoanza upya katika chumba kimoja chenye dirisha moja, kwa kupiga picha za watoto wadogo. Wiki jana tuliachana simu ikiita. Alikuwa Clovis wa Sange, baba wa mapacha, na sauti yake haikuwa ya mtu anayesalimia.

"Papa fotografe," alisema, "Butoyi ametuacha. Homa ya siku mbili tu. Tunazika kesho. Mama yake iko naomba foto. Ile ile ya kwako, lakini umutoe Butoyi peke yake, tuiweke juu ya sanduku."

Nikasema pole. Nikasema nitaileta mwenyewe. Nikakata simu, nikakaa sakafuni nikaficha uso, na hapo ukurasa ukaniishia. Wengi mliniandikia mkauliza: mpiga picha, mbona unalia kuliko mzazi?

Sasa nawajibu. Nilikuwa silii. Nilikuwa naogopa, kwa sababu katika picha ile Butoyi hakuwepo.

Jambo hilo niliwaficha wiki jana. Leo nalitoa.

Wenzangu wa kazi hii humsimamisha mtoto mbele ya pazia la maua, mikono ubavuni kama askari wa gwaride. Mama anapiga makofi nyuma ya kamera: cheka, cheka! Mtoto anacheka meno, macho yanabaki yameshtuka. Mimi nilikataa mambo hayo. Mlangoni kwangu nimeandika kwa rangi ya bluu BATOTO KAMA BEKO, yaani watoto kama walivyo. Nalala kifudifudi kwenye mkeka ili macho yangu yawe sawa na ya mtoto. Siwashi taa, mwanga wa dirisha unatosha. Nampa vifuniko vya sufuria na kijiko, kisha nangoja. Mtoto akishasahau kamera anarudi kuwa yeye, na hapo ndipo nabonyeza.

Sharti langu la kwanza ni kwamba mzazi atoke nje. Mzazi ndiye anayeharibu picha. Nilijisifu kwa sharti hilo mtaa mzima, na ndilo lililonipa nafasi ya kufanya nilichofanya.

Kaneza, mke wa Clovis, alikuja mwezi wa sita na wasichana wake wawili na furushi la mchele wa shambani kwao kichwani. Kwa Warundi wa bonde la Ruzizi pacha hazaliwi bila jina: wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, hakuna mjadala. Walikuwa na miaka mitatu, sura moja, magauni ya kijani ya kitenge kimoja. Ili watu wasichanganyikiwe, mama yao alikuwa amewafunga ushanga mkononi, Bukuru mwekundu na Butoyi mweupe.

"Papa, foto moja, bote babili ndani," aliniambia. "Mama mukwe wangu amesema pacha habapigwe mumoja mumoja. Ukipiga mumoja peke yake, unamufukuza mwenzake."

"Hakuna shida, Mama Bukuru. Toka kidogo inje, uniachie batoto."

Akatoka, akakaa mlangoni. Bukuru alivichukua vifuniko papo hapo akaanza kupiga ngoma. Butoyi aliingia chini ya benchi, akakataa kutoka.

Ningengoja. Kazi yangu yote ni kungoja. Lakini siku ile alasiri kulikuwa na fainali ya mtaa, na shemeji yangu ndiye aliyekuwa golini. Nawaambieni kwa aibu, maana sina sababu nyingine ya kuwapa. Haikuwa njaa, haikuwa ugonjwa. Ilikuwa mpira.

Nikampiga Bukuru akiwa upande wa kushoto wa mkeka. Kisha nikapata akili, ile akili ambayo shetani humpa mtu bure. Sura ni ile ile, gauni ni lile lile, tofauti ni ushanga tu. Nikainama chini ya benchi, nikamvua Butoyi ushanga wake mweupe.

Alilia. Hakikuwa kilio cha kudeka. Alinyosha mkono wake mtupu kuufuata ushanga, akanitazama usoni, na kidole changu, kwa mazoea tu, kikabonyeza kamera. Picha moja.

Nje Kaneza akaita, "Nani iko nalia?"

"Hakuna mwenye kulia, mama!" nikajibu. "Beko nacheza!"

Nikamvisha Bukuru ushanga mweupe badala ya mwekundu, nikamhamishia kulia, nikampiga tena akiwa ametazama kushoto anakichekea kifuniko. Nikamrudishia kila mmoja ushanga wake, nikamfuta Butoyi mashavu kwa kona ya shati langu. Kaneza alipoingia aliwakuta watoto wawili wakavu, wazuri. Nikaenda mpirani. Tulifungwa.

Kesho yake nikakaa kwenye kompyuta, nikamweka Bukuru kushoto na Bukuru kulia, pacha wanachekeana. Watu waliosimama mlangoni kwangu walisema hawa watoto wanapendana kweli. Kaneza alipokuja kuichukua alitazama ushanga kwanza, kama watu wote. Halafu akaisogeza karibu na macho.

"Butoyi amenenepa huku," akasema.

"Ni mwanga, mama."

Akacheka, akanishukuru, akaenda zake. Mchele wake tuliula nyumbani wiki mbili, na mke wangu alikuwa akiusifia kila alipofunua sufuria.

Picha nyingine za siku ile nilizifuta. Ile ya chini ya benchi nilishindwa. Mwanga ulikuwa umemwangukia shavuni pale penye machozi, na macho yalikuwa yananitazama mimi, si kamera. Katika maisha yangu sijapiga picha bora ya mtoto kama alivyo. Nililijua hilo, na ndiyo maana niliiacha ndani ya kamera, nisimwonyeshe mtu.

Utaniuliza, basi kwa nini hukuwapelekea wafiwa hiyo? Kwa sababu wangeuliza ushanga uko wapi.

Kwa hiyo baada ya simu ya Clovis niliukata upande wa kulia wa uongo wangu, nikaukuza, nikauchapa, nikaufunika kwa plastiki ili mvua isiuharibu. Mke wangu Noella akanikuta nimefunga mlango mchana.

"Foto ya marehemu ndiyo unafungia mulango?"

Noella hadanganywi. Nikamwambia yote. Akauegemeza ufagio ukutani.

"Utasema mbele ya kuzika," akasema. "Unanisikia? Mbele ya kuzika. Kisha kuzika, haisaidie mutu."

Nikaapa kwa jina la mama yangu kwamba nitasema kabla ya mazishi.

Nilifika Sange kesho yake asubuhi. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka chini ya turubai, wanaimba taratibu, na katikati yao palikuwa na sanduku dogo, dogo kiasi kwamba mtu mmoja angelibeba kwapani. Kaneza aliipokea picha kwa mikono miwili. Akaibusu.

"Aksanti, papa," akasema. "Bila weye ningekuwa sina kitu. Foto ingine ya mutoto wangu sina. Ni hii tu, ya kwako."

Ningesema pale pale. Mdomo ulifunguka kabisa. Ukatoka na neno "Pole, mama."

Akaiweka juu ya sanduku. Hapo Bukuru akatoka kati ya miguu ya wanawake, akasogea mpaka kwenye picha, akaweka kidole juu yake.

"Minye," akasema, yaani mimi.

Watu wakadhani anaomba kitu. Mmoja akampa kipande cha muhogo. Akakikataa.

"Huyu minye," akasema tena. Akageuka kuelekea mlango wa nyumba uliokuwa wazi, ambako ile picha kubwa ya wawili ilikuwa ukutani, akaielekeza kwa kidole kile kile. "Na pale. Minye na minye."

Wimbo ulikatika.

Aliyeongea kwanza ni mama yake Clovis, Generose, nyanya wa watoto, ambaye ua mzima unamwita Tate.

"Mumesikia?" akasema. "Si yeye njo iko nasema. Ni Butoyi iko nasema ndani yake. Iko naita mwenzake."

"Mama, ni mutoto tu," Kaneza akamjibu. "Tangu tutundike ile foto, anasema vile. Minye na minye. Tulikuwa tunamucheka."

"Mulikuwa munacheka! Tangu siku ile alikuwa naitwa, na ninyi munacheka!"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Katika ua ule uliojaa watu wazima, mtu pekee aliyekuwa anasema kweli alikuwa mtoto wa miaka mitatu, na ukweli wake ulikuwa unamgeukia yeye mwenyewe. Mimi niliyekuwa na ufunguo wa jambo lote nilikuwa natazama viatu vyangu.

Clovis akanishika begani. Nikadhani amejua. Moyo wangu, nakiri, ulipata nafuu kidogo.

"Papa, tuko na ombi," akasema. "Weye njo ulishika uso wake. Utubebee foto mbele ya sanduku. Na kwa vile umekuja na apareye, utupigie mbili tatu kule."

Nikaibeba. Nilitembea mbele kabisa, mbele ya baba, mbele ya sanduku, nimeishika picha kifuani kama kitu nilichokistahili. Njiani wakulima waliokuwa wanatoka kwenye mpunga walisimamisha baiskeli zao wakavua kofia. Walikuwa wanamvulia kofia mtoto aliyekuwa nyuma yangu, mzima, mgongoni mwa mama yake, ananyonya kidole.

Kaburini nikajiambia nitasema baada ya sala. Katekista akamaliza sala. Nikajiambia baada ya udongo. Udongo ukaisha. Clovis akachukua nyundo, akaipigilia picha kwenye msalaba wa mbao kwa misumari minne, kila kona mmoja, na chini yake jina BUTOYI kwa rangi nyeusi. Alipigilia kwa nguvu zote za baba aliyefiwa. Nikajiambia, nitasema nyumbani.

Noella, kama unasoma, unaona kiapo changu kilivyokuwa na miguu ya kukimbia.

Turudi uani. Tulinawa mikono kwenye beseni, wageni wakaanza kugawiwa chakula. Mimi walinipa kiti chenye mgongo, cha wageni wa heshima, na sahani ya wali. Ulikuwa mchele ule ule. Niliujua kwa harufu.

Kaneza akamfungua Bukuru mgongoni, akamgusa shingo. Akamgusa tena.

"Clovis," akaita. "Kuja umuguse."

Clovis akamgusa, akarudisha mkono haraka.

"Iko moto," Kaneza akasema. "Njo vile vile Butoyi alianza. Lete pikipiki yako, tumupeleke kwa sentre, kwa dokta, sasa hivi. Sasa hivi, Clovis."

"Kwa sentre haendi," akasema Tate.

"Mama..."

"Butoyi mulimupeleka kwa sentre. Balibarudishia nini?"

"Tulichelewa, mama! Dokta alituambia, mumechelewa siku moja. Siku moja tu!"

"Hii si homa," Tate akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mwanamke mwenye hofu. "Umesikia na masikio yako. Aliweka kidole kwa sanduku, akasema minye. Mutoto iko naitwa, Kaneza. Dawa haishinde mwenye kuitwa. Ataenda kwa Pasta Thaddée, kwa chumba cha maombi, siku tatu bila kula, bila maji, mupaka mwenzake amuachilie. Minye nitafunga naye. Sitamuacha peke yake."

Alimpenda mjukuu wake, na hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi. Alitaka kumwokoa na kitu nilichokitengeneza mimi kwa kompyuta.

Kaneza akamtazama mume wake. Clovis akatazama chini.

"Tujaribu maombi kwanza," akasema polepole. "Siku moja. Kesho, kama bado..."

"Siku moja!" Kaneza akapiga kelele. "Weye pia unasema siku moja!"

Tate akanyosha mikono, akamchukua mtoto.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo nimewafundisha watoto wangu mwenyewe, wameiandika kwenye madaftari. Niliiweka sahani ya wali chini. Nikasimama.

"Hakuna mwenye kumuita huyu mutoto," nikasema.

Hakuna aliyegeuka. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi.

"Ni minye!" nikasema kwa nguvu. "Minye njo nilifanya!"

Sasa waligeuka wote.

"Mutoto iko nasema kweli. Ile foto ya kwa ukuta, kushoto ni yeye, kuume ni yeye. Ile tumepigilia kwa musalaba ni yeye. Butoyi haiko mule. Butoyi alikataa kutoka chini ya benchi, na minye nilikuwa na haraka. Nilimuvua ushanga, nikamuvalisha Bukuru, nikamupiga mara ya pili. Nikabaunganisha kwa masini. Anasema minye kwa sababu ni yeye."

Nilitegemea kupigwa. Ningependa kupigwa. Clovis alinikaribia mpaka nikasikia pumzi yake.

"Haraka ya nini?" akauliza.

Msomaji, kati ya maswali yote ya dunia.

"Ya mpira," nikasema. "Kulikuwa na mechi."

Alinitazama kama anangoja niendelee, kama anaamini lazima kuna kitu kingine nyuma yake. Hakikuwepo.

Tate akatikisa kichwa.

"Uongo," akasema. "Anamuhurumia Kaneza, njo anajitwika. Ama alidanganya siku ile, ama iko nadanganya leo. Mutu mwenye kutoa batoto babili kwa mumoja, atashindwa kutoa hadisi?"

Wazee wawili wakaitikia. Na mimi niliwaelewa. Ningekuwa wao nisingeniamini.

Nikaichukua kamera. Nikarudi nyuma, nikapita picha za mazishi, nikapita harusi, nikapita ubatizo, mpaka mwezi wa sita. Nikaisimamisha pale.

"Butoyi ni huyu," nikasema. "Ni ya kweli. Sikuigusa."

"Hata hiyo ni masini," akasema Tate, lakini macho yake yalikuwa yameshuka kwenye kioo kidogo cha kamera.

Kaneza akaipokea. Sitawaelezeni uso wake, maana sikuutazama. Nilitazama mikono yake, na mikono ilikuwa imetulia kabisa. Mtoto wa chini ya benchi alikuwa pale, mashavu yamelowa, mkono mtupu umenyoshwa.

Bukuru alikuwa amelaza kichwa kwenye bega la nyanya yake, macho nusu, midomo imekauka kwa homa. Akaona mwanga wa kioo. Akainua kichwa kidogo.

"Butoyi," akasema.

Ua wote ulisikia. Akanyosha kidole, kile kile cha asubuhi.

"Butoyi iko nalia."

Hakusema minye. Tate alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, na mtoto mikononi, na hakuzungumza tena habari ya kuitwa. Clovis alikuwa ameshakimbilia pikipiki.

Nilidhani yamekwisha. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba nimefanya jambo jema. Ndipo Kaneza akaongea, bila kuinua macho kutoka kwenye kamera.

"Nilimusikia."

"Mama Bukuru..."

"Niko inje, nilimusikia minye mwenyewe. Nikakuuliza, nani iko nalia. Ukanijibu, beko nacheza." Akagusa kioo kwa kidole. "Nilikuwa kwa mulango, papa. Hatua mbili. Ningeingia, ningemubeba. Nikasema hapana, papa fotografe amesema beko nacheza, nisiharibu foto yake."



Alimchukua mtoto kwa Tate, akapanda pikipiki nyuma ya Clovis, mtoto katikati, kamera yangu shingoni mwake. Sikuiomba. Waliondoka na vumbi lao, na ua ukabaki na watu wapatao arobaini ambao hakuna hata mmoja aliyetaka kukaa karibu na kiti changu.

"Weye," akasema Tate.

Hakuniita papa tena.

"Uso wa mutoto muzima iko juu ya kaburi. Weye njo uliupeleka, ukiubeba kwa kifua. Nenda uutoe. Uutoe mbele ya habari ya kwa sentre kufika."

Mimi siamini mambo hayo. Niwe wazi. Nimesoma, nina diploma ya Serikali iliyotundikwa studio kwangu, na ninajua kwamba karatasi ni karatasi na malaria ni mbu. Nilitoka uani nikitembea. Nilipopita nyumba ya mwisho nilianza kukimbia, na mtu asiyeamini hakimbii vile.

Udongo ulikuwa bado na unyevu. Bukuru alikuwa pale msalabani anakichekea kifuniko changu cha sufuria, na chini ya kidevu chake limeandikwa jina la dada yake. Nilipiga magoti. Sikuwa na koleo wala nyundo, nilikuwa na ufunguo wa studio tu. Msumari wa kwanza ulitoka. Wa pili ulitoka na ngozi ya kidole changu. Wa tatu ulinichukua muda mpaka jasho likaniingia machoni.

Simu ikaanza kuita mfukoni.

Nikaitoa kwa mkono wenye damu. Kwenye kioo palikuwa na jina la Kaneza.

Msumari mmoja ulikuwa umebaki, wa kona ya chini, Clovis alikuwa ameupiga mpaka ukainama ndani ya mbao. Na mimi, mwenye diploma, mimi nisiyeamini, niliiweka simu juu ya udongo wa Butoyi ikiendelea kuita. Nikasema kwa sauti, ngoja mama, ngoja kidogo, nimtoe huyu kwanza. Ufunguo uliteleza. Nikainamisha kichwa nikaukamata msumari kwa meno, nikavuta, nikavuta tena.

Simu ikanyamaza. Msumari ulikuwa bado.